Mama Geuza, mwanamke anayebishana na sauti yake

“Abiria wa boti ya visiwani, tafadhali elekeeni gati namba moja. Abiria wa boti ya ng’ambo, elekeeni gati namba tatu. Taratibu jamani, ziwa halikimbii.”

Sauti inatoka kwenye spika nne zilizofungwa chini ya paa la bati la kituo cha boti. Ni sauti ya msichana, laini, isiyo na haraka, kama ya mtu aliyelala vizuri na kuamka mwenyewe.

Kabla mwangwi wake haujaisha, mwanamke mwenye koti la kazi la buluu anapanda kwenye ngazi ya saruji katikati ya ukumbi, anainua kipaza sauti cha mkononi na kupaaza sauti iliyokwaruza kama meza inayoburutwa sakafuni.

“Geuza! Visiwani tatu, ng’ambo moja! Msimsikilize huyo, nisikilizeni mimi!”

Wenyeji hawahitaji kuambiwa. Walishaanza kugeuza kabla spika haijamaliza. Wanaobaki wamesimama ukumbini na mizigo yao ni wageni, na miongoni mwao ni mwanamume aliyejitwisha godoro.

“Dada, samahani. Nimfuate nani, wewe au yule wa juu?”

“Unakwenda wapi, kaka?”

“Visiwani.”

“Gati namba tatu.”

“Lakini yule amesema moja.”

“Yule ni mimi.”

Mwanamume anamtazama, anaitazama spika, anamtazama tena. Godoro linayumba.

“Na wewe je?”

“Mimi pia ni mimi. Nenda tatu, kaka yangu, boti inajaa.”

Anakwenda, lakini kila baada ya hatua chache anageuka nyuma, kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoiamini.

Mwanamke wa koti la buluu anashuka, anakohoa ndani ya kiwiko na kuanza kukagua tiketi. Ana miaka arobaini na moja. Abiria wanamwita Mama Geuza. Hana mtoto, hilo la “mama” amepewa na ukumbi.

“Sauti zote mbili ni zangu,” anasema. “Ile ya juu niliitoa nikiwa na miaka ishirini na saba. Hii ya chini ndiyo iliyobaki.”

Alianza kazi hapa akiwa mtangazaji, enzi ambazo jiji hili dogo la kaskazini, lililojibana kati ya kilima na ziwa, lilikuwa bado mji, na wakazi wake bado huliita mji wanapojisahau. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kibanda cha kioo na kuwaelekeza watu boti zao, kutwa nzima, kwa mdomo wake mwenyewe.

Kisha kituo kikanunua mashine ya matangazo. Akaambiwa asome maneno yote mara moja tu, yahifadhiwe. Walimrekodia stoo, katikati ya maboya ya kujiokolea, kwa sababu maboya hufyonza mwangwi. Alisoma maneno aliyoandikiwa, na mwishoni, kwa mazoea ya mdomo, akaongeza lake: taratibu jamani, ziwa halikimbii.

“Hilo halikuwa kwenye karatasi,” anasema na kucheka. “Ni neno la mama yangu. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunakuja ziwani kufua, mimi natangulia mbio na beseni, yeye yuko nyuma anaita, ‘Taratibu wee mtoto, ziwa halikimbii!’ Basi likatoka tu. Fundi akasema liache, ni zuri.”

Mashine ikaanza kazi. Yeye akahamishiwa kwenye ukaguzi wa tiketi, na kwa miaka kadhaa alifanya kazi chini ya sauti yake bila ugomvi. Anasema aliizoea kama mtu anavyozoea picha yake ukutani: huioni tena, lakini ikichukuliwa utajua.

Halafu, miaka sita iliyopita, maji yakapanda.

Ziwa liliingia ukumbini na kukaa humo msimu mzima. Liliporudi lilikoishi zamani, liliacha tope jingi kwenye gati namba tatu. Boti ya ng’ambo, ambayo ni kubwa na inahitaji kina, haikuweza tena kutia nanga hapo. Ikahamia namba moja. Boti ya visiwani, iliyo ndogo, ikapelekwa namba tatu.

Boti zilibadilishana nafasi ndani ya siku moja. Mashine haikubadilishwa. Fundi aliyeifunga alikuwa ameshahamia mbali, na nywila ya mashine alihama nayo kichwani. Kuizima kabisa haikuwezekana, maana mashine hiyohiyo ndiyo inayotangaza habari za kuvaa maboya, na sheria inataka zitangazwe kabla ya kila safari.

Kulikuwa na mtu aliyetoa wazo la kubadilisha vibao vya namba. Wachukuzi wa mizigo wakakataa.

“Mzigo hausikilizi spika,” anaeleza mmoja wao, mzee mwenye mabega mapana ambaye wenzake humwita Kreni. “Mzigo unafuata namba iliyoandikwa juu yake. Ukibadilisha vibao, unga wa watu wa visiwani utakwenda ng’ambo, na ng’ambo watakula mara mbili. Nikawaambia, acheni namba zetu, binadamu ana akili, atageuza.”

Na binadamu akageuza. Mama Geuza alipewa kipaza sauti cha mkononi kwa muda, “mpaka mambo yakae sawa.” Muda huo haujaisha.

Wenyeji, kwa upande wao, walijifunza upesi kuliko ilivyotarajiwa. Siku hizi mtoto wa darasa la pili anajua kwamba ukitaka kujua boti yako iko wapi, isikilize spika halafu fanya kinyume. Tabia hiyo imepanda hadi sokoni. Muuza nyanya akisema nyanya zake ni za leo, mteja anamjibu, “Za leo za kituoni?” Maana yake ni za juzi.

“Mimi mke wangu akisema hana hasira, nageuza,” anasema Kreni.

Wanaoumia ni wageni. Njia zote za kwenda magatini zimeezekwa kwa bati na kukingwa pembeni, kwa hiyo mtu haioni boti mpaka afike mwisho kabisa. Mgeni aliyefuata spika huligundua kosa lake mbele ya boti isiyo yake, huku akiisikia ya kwake ikipiga honi upande wa pili. Wapo waliokosa usaili wa kazi, na yupo bibi harusi aliyefika visiwani wageni wake wakiwa ng’ambo.

Kwa ajili ya watu hao Mama Geuza amepiga kelele miaka sita. Mwaka jana aliamka asubuhi moja, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Kliniki walimwambia ana vinundu kwenye nyuzi za sauti, akaambiwa apumzike asiseme.

“Nikamuuliza daktari, sasa nikinyamaza, yule mwingine atanyamaza?” anasimulia. “Daktari hakunielewa. Nikaona aibu kueleza.”

Sauti ilirudi baada ya majuma kadhaa, lakini si ileile. Ilirudi hii ya meza inayoburutwa. Kreni alimpa pole kwa namna yake. “Watu wengine wana maadui mtaani,” alimwambia. “Wewe adui yako alitoka kooni mwako mwenyewe, na bado anakula bure.”

Angekuwa ni yeye peke yake, anasema, angecheka na kuendelea. Lakini anaishi na mama yake.

Wanakaa vyumba viwili vya kupanga kwenye mteremko nyuma ya kituo. Mshahara wake unatosha kodi na dawa za mama. Ukimuuliza kinachobaki, anakuambia kinachobaki ni mwezi. Chumba cha mbele kina kitanda cha mama, redio isiyo na kifuniko cha betri, na dirisha moja linalotazama bati la kituo. Spika ya nne, iliyofungwa na mtu ambaye huenda hakufikiria sana, inaelekea juu mtaani badala ya ukumbini. Inaelekea kwenye dirisha hilo.

Mama yake ana miaka sabini na nne. Alianza kusahau miaka mitatu iliyopita, vitu vidogo kwanza, funguo, sufuria jikoni, kisha vikubwa. Mwanzoni alikuwa anasahau jina la binti yake. Baadaye akamsahau binti mwenyewe.

Lakini hakuisahau sauti.

Kila boti inapokaribia kuondoka, spika inapoita, mama huinua kidole. “Nyamazeni. Mwanangu anatangaza.” Husikiliza mpaka mwisho, hadi lile neno la ziwa, ndipo hutikisa kichwa taratibu na kuendelea na alichokuwa akifanya. Jirani anayeshona nguo barazani, fundi cherehani ambaye humwangalia bibi huyo mchana, anasema hajawahi kuona dawa inayofanya kazi kama ile.

“Akianza kuhangaika, anataka kutoka, anataka kwenda kwao, mimi sisemi kitu,” anasema fundi cherehani akiendelea kukanyaga cherehani. “Nasubiri boti. Boti ikiitwa, mwenyewe anatulia. Anakaa. Ananiambia, ‘Unasikia? Yule ni wangu.’ Namwambia, ‘Hongera mama, umezaa.’”

Shida ni jioni, binti anaporudi, zamu yake ikiwa imeisha kabla ya boti ya mwisho.

Mama Geuza anaingia na mfuko wa sokoni, anavua viatu, anasalimia, “Shikamoo mama.” Mama anaisikia sauti iliyokwaruza na kumtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama muuguzi.

“Marahaba, binti. Karibu. Umekuja kunipikia?”

“Ndiyo, mama.”

“Mungu akuzidishie. Mwanangu angenipikia, lakini hajatoka kazini.”

Na kwa wakati huo boti ya mwisho haijaondoka bado, kwa hiyo ni kweli: sauti ya mwanawe iko kazini, wanaisikia wote wawili. Boti ya mwisho ikishaitwa, spika hunyamaza. Ndipo mama huvuta kiti mlangoni na kumsubiri binti yake arudi, na binti yake anakoroga mchuzi nyuma yake.

“Mwanzoni nilikuwa nabishana naye,” anasema Mama Geuza. “Nilisema, ‘Mama, ni mimi, nimesharudi, nitazame.’ Akawa anaogopa. Anamwita jirani, eti kuna mwanamke humu anadai ni mwanangu. Nikaona nimtese kwa nini? Nikaacha. Sasa namwambia, ‘Atakuja, mama, foleni ilikuwa ndefu leo.’ Anakula, analala.”

Siku moja mama alimuuliza, “Wewe binti, una mama?”

“Ninaye.”

“Basi mwangalie vizuri. Mimi wangu ananiita kutwa, hachoki.”

Anasimulia hilo huku akichambua mchele kwenye ungo, na kwa muda vidole vyake havichambui kitu, vinaupitia tu mchele.

Kwa miaka sita Mama Geuza alikwenda ofisi ya kituo kuomba kitu kimoja: sauti ile ya juu iondolewe. Aliomba kwa msimamizi wa kwanza, aliyestaafu. Aliomba kwa wa pili, aliyehamishwa. Msimamizi wa sasa, mwanamume mdogo kwake kiumri anayemwita “dada,” alikuwa wa kwanza kusema ndiyo. Mwezi uliopita alimwita ofisini akiwa na tabasamu.

“Dada, ombi lako limekubaliwa. Mashine mpya imekuja. Tunafuta ile ya zamani.”

Msimamizi anakumbuka alivyoshangaa. “Nilidhani atanirukia kwa furaha,” anasema. “Alisimama tu. Akaniuliza, ‘Spika zote? Na ile inayoelekea mtaani?’ Nikamwambia ndiyo, zote. Akasema asante, akatoka. Baada ya dakika chache akarudi, akasema, ‘Au tungoje kidogo.’ Nikamwambia dada, umeomba miaka sita, tungoje nini? Akasema hajui. Akatoka tena.”

Alichokuwa nacho kichwani hakumwambia. Ni mtu wa kujieleza taratibu, na mambo ya nyumbani hayaleti kazini. Kwamba ile sauti inayowapoteza watu ukumbini ndiyo inayomtuliza mama yake dirishani, angelisemaje ofisini likaeleweka?

“Nilikuwa sijui nataka nini,” anasema. “Nikiwa kazini naichukia. Nikifika nyumbani naiombea isizimwe. Nikawa nageuza hata moyo wangu.”

Kuhusu nani arekodi upya, hakuna aliyemuuliza. Ilionekana wazi kwamba koo lake haliwezi. Katibu muhtasi wa ofisi, msichana mwenye sauti safi, alisoma maneno mapya: visiwani gati namba tatu, ng’ambo gati namba moja. Neno la ziwa halikuwemo. Halikuwa kwenye karatasi.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Tangazo la karatasi lilibandikwa karibu na dirisha la tiketi, na kama ilivyo kwa karatasi nyingi za pale, likawa mahali pa kuegemea. Mama Geuza aliombwa asitumie kipaza sauti, ili ionekane mashine inaweza kufanya kazi peke yake. Akakaa kwenye ngazi yake ya saruji, mikono magotini.

Sauti mpya ikaita, safi kabisa: visiwani tatu, ng’ambo moja.

Ukumbi mzima ukasimama.

“Ngoja nikueleze hesabu ya wenyeji,” anasema Kreni, ambaye hadithi hii anaisimulia akiwa amesimama, kwa sababu anahitaji mikono. “Kila siku spika inasema moja, tunakwenda tatu. Leo spika inasema tatu. Spika ni mwongo, hilo linajulikana. Kwa hiyo leo boti imehamishiwa moja! Wakamtazama Mama Geuza. Kimya. Mmoja akapiga kelele, ‘Mnangoja nini, geuzeni!’ Mama yangu, watu wakageuka!”

Wenyeji wa visiwani waliingia njia ya gati namba moja kwa wingi wao, na wa ng’ambo wakaingia njia ya namba tatu. Walipofika mwisho na kuona boti zisizo zao, wakarudi, wakakutana na wenzao waliochelewa wanaoingia. Palikuwa na magunia, baiskeli, kreti la vifaranga. Hakuna aliyekubali kurudi nyuma kwa sababu kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba yeye ndiye aliyegeuza sawasawa.

“Nilicheka mpaka nikakalia mzigo wa mtu,” anasema Kreni. “Na mzigo wenyewe ulikuwa mayai.”

Walioketi kwa amani ndani ya boti siku hiyo ni wageni peke yao, waliofanya walichoambiwa. Nahodha wa boti ya visiwani alichungulia, akaona abiria watano wasiomjua, akauliza kama mji umehama.

Katikati ya vurugu hizo ndipo bibi kizee mmoja alipoingia ukumbini, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Nyuma yake alikuja fundi cherehani akihema, futi ya kupimia ikimning’inia shingoni.

“Nimemkosa, shoga yangu, nimemkosa!” aliita fundi cherehani. “Kaisikia sauti ya mtu mwingine, akasema mwanangu wamemtoa mahali pake. Nimeweka nguo chini, kugeuka, hayupo!”

Mama alikuwa anapita kwa kila mtu, anamgusa mkono, anauliza. “Baba, mwanangu anayetangaza hapa yuko wapi? Kuna msichana amekaa mahali pake.” Watu waliokuwa wakitukanana walinyamaza wakampisha, kwa heshima ya mvi, kisha wakaendelea.

Alifika kwenye ngazi ya saruji. Akaliona koti la buluu.

“Binti, afadhali wewe nakujua. Unafanya kazi hapa. Mwanangu wamempeleka wapi?”

“Mama, ni mimi.”

“La, binti. Wewe wanipikia, nashukuru. Namtaka yule wangu. Jana nimemsikia. Jana alikuwa mzima.”

Mama Geuza anasema hakumbuki kuwaza. Anakumbuka tu kwamba msimamizi alikuwa ametoka ofisini, ameshika kichwa, anamwambia, “Dada, sema kitu, watu wataumia.” Alisimama juu ya ngazi. Akainua kipaza sauti. Akaanza si kwa kelele za geuza, bali kwa maneno yake ya zamani, kwa mwendo wake wa zamani, kama aliyekaa tena stoo katikati ya maboya.

“Abiria wa boti ya visiwani, tafadhali elekeeni gati namba tatu. Abiria wa boti ya ng’ambo, elekeeni gati namba moja.”

Sauti ilikatika mara mbili.

“Taratibu jamani. Ziwa halikimbii.”

Wenyeji walimwamini, maana yeye hawajawahi kumgeuza. Vifaranga wakaenda kwao. Msongamano ukaanza kulegea. Chini ya ngazi, mama yake alikuwa amesimama na kidole kimoja juu, vilevile kama anavyosimama dirishani, amemtazama mdomoni.

Kisha uso wake ukakunjamana, si kwa woga.

“Mwanangu,” alisema. “Una mafua!”

“Ndiyo, mama.”

“Una mafua mabaya, na hawa wanakutangazisha tu! Shuka. Shuka hapo, twende nyumbani.”

Msimamizi ndiye aliyempa ruhusa ya kuondoka. Fundi cherehani anasema walipanda mteremko mama akitangulia, amemshika binti mkono kama anayemvusha barabara. Nyumbani mama alichemsha maji mwenyewe, jambo ambalo hajaachiwa kulifanya kwa muda mrefu. Fundi cherehani alisimama mlangoni akiangalia moto, asiingilie. Mama akakamua ndimu. Akamlaza binti yake, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumgombeza kwa kutovaa kitu cha joto ziwani.

“Nilikuwa natokwa jasho,” anasema Mama Geuza. “Blanketi lenyewe lile zito. Sikulitoa.”

Jioni ile hakuna aliyevuta kiti mlangoni.

Kesho yake msimamizi, akiwa bado hajui la kufanya, alirudisha kwa muda sauti ya zamani, iliyokuwa bado haijafutwa. Abiria walipumua. Na dirishani, boti ya kwanza ilipoitwa, mama aliinua kidole, akasikiliza, akang’aa usoni.

“Amepona!” alimwambia mwanamke aliyekuwa akimfunga vifungo vya gauni. “Binti, umesikia? Mwanangu amepona mafua.”

“Nimesikia, mama. Alhamdulillahi.”

“Jana alikuwa hoi.”

Ndivyo ilivyo hadi sasa. Ukumbini watu wanageuza. Nyumbani mama anamsubiri aliyekwisha kurudi. Msimamizi anasema mashine mpya lazima iwashwe kabla ya mwisho wa mwezi, na safari hii wenyeji watatangaziwa mtaa kwa mtaa kwamba spika sasa inasema kweli. Kreni ana wasiwasi. “Wakitangaziwa na spika kwamba spika inasema kweli,” anauliza, “wataelewaje?”

Lakini jambo moja limebadilika. Siku mbili baada ya vurugu, Mama Geuza aliingia ofisini bila kuitwa, na hakutoka mpaka amesema. Aliomba yeye mwenyewe arekodi upya. Kwa koo hilihili.

“Nilimwambia ukweli, ‘Dada, sauti imechoka,’” anasema msimamizi. “Akaniambia, ‘Siku ile walimsikiliza nani?’ Halafu akanieleza habari za mama yake. Mimi nilikuwa sijui. Miaka yote nampita pale kwenye ngazi, sijui. Katibu muhtasi ndiye aliyesema, mwachieni. Yeye mwenyewe alisema.”

Watarekodi Jumamosi, stoo, katikati ya maboya. Mama Geuza amekuwa akifanya mazoezi asubuhi, mgongo wake ukiwa ziwani, kwa sauti ya chini ili asiichoshe. Visiwani tatu. Ng’ambo moja. Neno la ziwa safari hii liko kwenye karatasi, amelitia mwenyewe.

Hana hakika kama itafanya kazi. Daktari amemwambia mama anaweza kusahau hata sauti, na kwamba alichokikumbuka siku moja si ahadi ya siku ya pili. Huenda mama atasikia spika mpya na kusema huyu ni nani. Huenda atatoka tena na kandambili moja mkononi. Amemwomba fundi cherehani ahamishie cherehani upande wa ngazi za mteremko, na fundi cherehani ameshahamisha.

“Lakini huenda atasema nina mafua,” anasema Mama Geuza. “Yakianza asubuhi yatakuwepo mpaka boti ya mwisho. Na mimi nikiingia na mfuko wangu, nikimsalimia, atasikia mafua yaleyale. Si atajua nimerudi?”

Anaangalia saa ya ukutani, anachukua kipaza sauti chake. Boti ya ng’ambo inakaribia kuitwa.

“Siku ya kurekodi nitakohoa kidogo mwanzoni kabla sijasema neno,” anasema akipanda ngazi. “Msimamizi anataka fundi wa mashine akikate kile kikohozi, eti abiria watadhani ni kosa. Nimemwambia asikiguse. Abiria wangoje tu. Kile ni cha mama.”